Tulivyovuka Milima Kwenda Kumposa Nilda

Nakumbuka asubuhi moja, Mwanangu, nimesimama ukingoni mwa bonde refu kule Peru, begi mgongoni na fimbo mkononi, nikijiuliza ni nani aliyeniroga nikakubali safari ile. Chini kabisa mto Apurímac uling'aa, mwembamba kama uzi. Ng'ambo yake mlima ulianza upya kutoka majini ukapanda mpaka mawinguni, na huko juu, tuliambiwa, ndiko kuliko magofu ya Choquequirao, mji wa mawe walioujenga Wainka. Wageni wengine waliokuwa njiani walikuwa wanakwenda kutazama mawe hayo, kisha waendelee kwa miguu siku kadhaa hadi Machu Picchu. Sisi tulikuwa tunakwenda kuposa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nisije nikakupoteza.

Mimi naishi Louisville, hapa Marekani. Kijana wangu Espoir anaishi Columbus, na wakati huo alikuwa anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mtaa wa Clintonville. Humo ndimo alimokutana na Nilda, binti wa Peru, aliyekuwa anapika jikoni. Wakapendana. Akamleta kwangu, tukala, tukaomba, na mimi nikauliza swali ambalo baba yeyote wa kwetu huuliza: "Binti, wazazi wako wako wapi tuwafuate?"

Nilda aliinamisha kichwa. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba hakumjua. Aliyemlea ni bibi yake, Fortunata, na huyo bibi anakaa kwenye bega la mlima, katikati ya magofu mawili ya Wainka, mahali ambapo gari halifiki. Nyonga zinamsumbua, hawezi tena kuteremka hadi mtoni. Na neno lake alikwisha kulitoa: anayemtaka mjukuu wangu aje mlangoni kwangu.

Espoir akasema, kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida ya watoto wetu, "Baba, si tutampigia video tu?"

Dada yangu Rakeli alikuwa nasi kwenye simu kutoka Buffalo, simu imelazwa mezani kati ya sahani. Tulidhani amekwisha kusinzia. Mara tukasikia sauti yake: "Video inakunywa chai? Video inapiga magoti mbele ya muzee? Bon. Mimi ninaenda."

Dada Rakeli ndiye mkubwa wangu. Alinibeba mgongoni kwenye milima ya Kivu ya Kusini kabla sijajua kutembea, na sasa ana umri ambao watu humpisha kiti kwenye basi. Nikamwambia, "Dada, hiyo miguu yako!" Akanijibu, "Miguu yangu ilinitoa Kongo. Itashindwa na Peru?"

Basi tukajiandaa. Majira yote ya baridi dada alipanda na kushuka ngazi za jengo lake kule North Buffalo, mpaka jirani akamuuliza kama amepoteza funguo. Mimi nilizunguka bustani baada ya kazi. Espoir alinunua viatu vipya, fimbo mbili za chuma, na saa ya kumpimia mapigo ya moyo. Nilda hakununua kitu. Alinyamaza, na kadiri siku ya safari ilivyokaribia alizidi kunyamaza. Sisi tukadhani ni haya ya bibi harusi.

Tulishukia Cusco, tukakaa kidogo tuzoee hewa nyepesi ya huko juu, kisha gari likatupeleka mpaka barabara ilipokwisha. Hapo palikuwa na bwana mmoja mwenye nyumbu wa kubeba mizigo, mtu mcheshi mwenye kofia pana. Alimwonyesha dada kwa mkono kwamba mama mzee anaweza kupanda nyumbu mmoja. Dada alimtazama kama aliyetukanwa, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho mnyama huitwa nyama: "Mimi mutoto wa wachungaji, nikalie nyama mugongoni? Nyama anatembea, na mimi ninatembea." Akaingia njiani.

Njia ile, Mwanangu, inateremka kama ukuta. Inakata kushoto, inakata kulia, vumbi na mawe, jua linachoma. Espoir alianza kwa mbio. Alikuwa na nguvu, kijana wa kubeba na kugeuza wazee usiku kucha, na ile saa yake ilikuwa inamsifu mkononi. Dada akamwita, "Espoir, polepole! Muteremko unakula magoti!" Akapunga mkono bila kugeuka. Tukabaki watatu nyuma, mimi na dada na Nilda, na yule bwana na wanyama wake. Jioni tulimkuta kijana kando ya mto, amekwisha kuoga, anauliza kwa nini tumechelewa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilisikia methali hiyo tangu utotoni, na nilidhani ni maneno tu ya kutisha watoto.

Kesho yake tulipanda ng'ambo. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo hilo lilikuwa refu. Katikati ya mlima dada alisimama, akashika kiuno, akamtazama nyumbu, nyumbu akamtazama. Hatimaye alipanda. Alikaa wima huko juu, uso umekauka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, na hakuna aliyethubutu kucheka. Espoir alikuwa mbele tena, haonekani.

Tulifika Choquequirao. Sitakueleza sana mawe, nenda ukayaone mwenyewe. Nitakwambia tu kwamba kuna ngazi za mashamba zinashuka mlimani moja chini ya nyingine, na katika kuta zake wamepanga mawe meupe yenye umbo la wanyama wao wa kubeba mizigo, wale wenye shingo ndefu. Dada aliweka kiganja ukutani akakiacha hapo. "Batu ba milima kama sisi," akasema. "Na bo walikimbia?"

Nilda, ambaye Kiswahili alikuwa amejifunza kwetu kidogo kidogo, alijibu, "Wengine walikimbia. Wengine ni sisi."

Tulipotoka hapo njia ilianguka tena kwenda kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito ndiko kwa bibi. Ni kwenye mteremko huo ndipo tulipomkuta Espoir ameketi juu ya jiwe. Hakuwa anatusubiri. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama chungu, na uso umempauka. Alikuwa amekaa pale peke yake muda mrefu, bila maji, kwa sababu chupa zilikuwa kwa nyumbu na nyumbu walikuwa nyuma na sisi.

"Niko sawa, tantine," akasema. Hivyo ndivyo sisi watu wa Kongo tunavyomwita shangazi.

Dada alikuwa akitembea kwa miguu, kwa maana mteremko ule mwenye nyumbu hakumruhusu mtu kupanda. Alimpa maji, akangoja anywe. Kisha akamuuliza, taratibu, bila hasira, "Mutoto wangu, tangu juzi ulikuwa unakimbilia nani? Muke wako iko nyuma."

Espoir akatazama goti lake.

"Baba yetu," dada akaendelea, "alikuwa na ng'ombe kule juu. Donc, tukihamisha ng'ombe, baba yako huyu alikuwa anapenda kukimbia mbele na yale madume makubwa. Muzee akamwita, akamwambia: ng'ombe watafika siku watakapofika ndama. Mwenye kufika mbele ya ndama hajafika, amepotea tu mbele."

Ni kweli, Mwanangu. Nilikuwa na umri mdogo kuliko wako. Nakumbuka baba alivyoniambia maneno hayo akiwa amempakata ndama aliyechoka, manyoya yamelowa umande, na akaniweka mimi nyuma kabisa ya kundi mpaka tulipofika malishoni. Nilichukia siku ile. Leo ndiyo urithi pekee alioniachia ambao hakuna vita iliyoweza kunipora.

Tukasikia kilio. Nilda alikuwa ameketi chini, kanga ya dada usoni. Alilia kwa muda, kisha akazungumza akichanganya Kiswahili na Kiingereza. Alikuwa amemwahidi bibi yake kwamba angerudi baada ya miaka miwili. Imepita minane. Simu ilikuwa shida, bibi hupata mtandao akipanda juu ya nyumba kwenye kilima, na kwa zile nyonga hapandi tena mara kwa mara. Akimfungia mlango je? Akikataa kumtambua mbele yetu je?

"Tangu mtoni nataka kumwambia Espoir kwamba naogopa," akasema. "Kila nikiinua macho, yeye yuko mbali. Nikawaza, ndivyo itakavyokuwa na huko Columbus. Nilishaamua. Tukifika kwa bibi, nitamwambia arudi nyumbani na baba yake, mimi nibaki."

Ndege mmoja mkubwa alikuwa anazunguka chini yetu, tunauona mgongo wake. Nilifikiri: tumevuka bahari na milima, na posa yetu imevunjikia hapa, kabla ya kubisha hodi.

Espoir aliinuka kwa mguu mmoja. Akafungua ile saa, akaitia mfukoni. Akarukaruka mpaka alipokaa Nilda, akajishusha chini kwa taabu kubwa akaketi karibu naye. "Niambie sasa," akasema. "Niambie yote. Sina mahali pa kwenda."

Mimi na dada tukasogea. Mambo mengine si ya wazee kusikiliza. Tulikaa na yule bwana wa nyumbu tukala jibini na mahindi ya kukaanga mpaka kivuli kikatufikia.

Walipoinuka, Nilda alikuwa amelivaa begi la Espoir kifuani na lake mgongoni, na Espoir ameegemea bega lake. Wakashuka hatua moja moja. Kwenye kijito, pale njia inapoanza kupanda, mwenye nyumbu akamwonyesha kijana apande. Akakataa. "Tantine apande. Mimi natembea na Nilda." Mwenda pole hajikwai, na siku ile tulikwenda pole kuliko konokono.

Nyumba ilikuwa ya udongo na mawe, imekaa peke yake kwenye uwanja mdogo wa majani, moshi unatoka paani. Mbwa alibweka. Bibi Fortunata akatoka, mwanamke mfupi mwenye kofia na nywele zilizosukwa misuko miwili, ameshika nguzo ya mlango. Nilda alisimama nje ya ukuta wa mawe, hakuthubutu kuingia. Bibi alitazama. Alimtazama mjukuu wake, mabegi mawili, na yule kijana mrefu mweusi anayening'inia begani mwake.

Akasema neno kwa lugha yao. Nilda akatafsiri: "Anauliza, ni nani amembeba nani?"

Espoir akasema, "Mwambie wewe ndiye uliyenibeba."

Bibi aliposikia, alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shali, na macho hayakukauka, na ndipo nikaona kwamba hakuwa anacheka tena. Akafungua mikono. Nilda alikimbia hatua zile chache na mabegi yake yote, na mchumba wake akabaki ameshikilia ukuta wa mawe asianguke.

Ndani, jikoni, kuna wanyama wadogo walipita mbio miguuni mwetu wakipiga filimbi. Dada aliruka, kisha akapiga kofi la furaha: "Dende! Hata huku wanafuga dende!" Ni simbilisi, Mwanangu, wale wale wanaofugwa majikoni kwetu Kivu. Tangu hapo dada na Bibi Fortunata hawakuachana. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja, na walizungumza mchana kutwa.

Nilisimama nikatoa posa kama inavyotakiwa, Nilda akitafsiri posa yake mwenyewe huku anaona haya. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu: "Mtu asiyeweza kuondoka hajachagua kubaki. Goti lipone kwanza, ndipo nimuulize kama bado anamtaka."

Akamkanda kwa majani yaliyochemshwa. Espoir akakaa naye mlangoni, wanapukuchua mahindi. Siku alipoweza kukanyaga vizuri, bibi akauliza. Espoir akamgeukia Nilda: "Aulizwe yeye kwanza." Nilda akasema ndiyo. Ndipo Bibi Fortunata alipovua shali yake akaizungushia mabega yao wote wawili, akaifunga kwa mikono yake.

Tuliagana naye kwa machozi, tukavuka kilele chenye baridi kali, tukaendelea hadi Machu Picchu, Nilda mbele akipima mwendo, Espoir nyuma yake. Huko tulikuta umati wa watu walioletwa na treni. Ni pazuri kweli. Dada alikaa kwenye jiwe akawatazama, akawahurumia.

Sasa Mwanangu, wewe unayetaka kuoa au kuolewa, sikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukimpenda mtu, fika alikotoka, hata kama hakuna barabara. Ukae kwenye kigoda chao, ule chao, umjue aliyemwogesha alipokuwa mchanga. Usimpende kama mtu aliyeanza siku uliyomwona. Na mkishaanza safari, usijivunie mwendo wako. Anayeogopa hapigi kelele, hunyamaza, na ukimya hausikiki kwa mtu aliye mbele sana. Tembea karibu. Siku ukichoka wewe, usione aibu kubebwa. Nyumba nyingi nimeziona zikivunjika hapa Marekani, na mara nyingi watu wake walikuwa wazuri wote wawili, ila mmoja alikwisha kufika na mwingine alikuwa bado njiani.

Mungu aliyeisimamisha milima akupe pumzi ya kuipanda na unyenyekevu wa kuiteremka. Kila mlango utakaoubisha kwa heshima, awepo mtu ndani wa kukuitikia. Wazee wa mwenzio wakuite mtoto wao, na watoto wako wakute moto jikoni. Amina, Mwanangu.