Zamu ya Bibi Cecilia

Wengine Mungu huwaita kwa ndoto. Paskalia, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, aliitwa kwa karatasi ya zamu, na akatamani aitwe mtu mwingine.

Karatasi yenyewe ilikuwa orodha ya nyumba kumi na nane za kitongoji cha Kidundumo, huko juu Uluguru ambako bodaboda hufika kwa kusukumwa. Kila Jumamosi asubuhi jumuiya husali katika nyumba moja, kwa kupokezana. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Bibi Cecilia, mjane asiye na mtoto, na kwa miaka miwili ilikuwa ikirukwa. Hakuna aliyeamuru irukwe. Zamu yake ikifika, mwenyekiti husema bibi anaumwa miguu, tusimsumbue, na watu huitikia upesi upesi. Mwenyekiti huyo ni Paskalia.

Sababu yake alimficha hata padri. Miaka miwili nyuma, mwanawe Frank, wa miaka minne, alipatwa na degedege akafa kabla hajafikishwa zahanati. Jana yake Bibi Cecilia alikuwa amempa ndizi mbivu. Basi, ndizi moja. Moyo wa mama ulitafuta pa kushika, ukashika hapo.

Sasa mwaka ulikuwa mbaya kwa wote. Mvua haikukatika, kabichi zikaoza kabla hazijafunga, na mbuzi wa nyumba tatu walikufa ndani ya wiki moja. Kabichi za Bibi Cecilia zilisimama nzima, kwa kuwa shamba lake liko mahali pa mteremko maji yasipotuama, lakini nani alitaka kusikia habari za mteremko? Maneno ya uchawi yalianzia kisimani, yakahamia kilabuni, kisha watu wakaacha kunong'ona wakayasema kwa sauti ya kawaida, na hapo ndipo Paskalia alipoogopa. Jumatatu Mzee Yakobo, mjomba wake na mkubwa wa ukoo, alitangaza kwamba amewaita lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Wangefika Jumamosi.

Kila mtu alijua mambo hayo yanavyokwenda. Bonde la pili, mwaka jana, mama mmoja aliitwa mchawi, akanyolewa kichwa hadharani mchana, na jioni nyumba yake ikawaka. Yeye hakuonekana tena, na hakuna aliyeuliza.

Alhamisi Judith, katibu wa jumuiya, alimkuta Paskalia akipalilia karoti.

"Dada, keshokutwa ni zamu ya nani?"

"Ya kumi na moja."

"Tunasema anaumwa miguu?"

Paskalia alisimama na jembe mkononi. Kusema ndiyo kulikuwa kwepesi, alishakuzoea. Lakini safari hii kuruka nyumba ile kulikuwa na maana ya kuwaonyesha lambalamba mlango. Aliliona hilo waziwazi, akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Tunasali kwake," akasema. "Nitaandika kwenye grupu."

Aliandika. Nyumba kumi na nane zilisoma ujumbe ule na hakuna iliyojibu. Alipiga simu kituo cha polisi huko chini kuomba askari, akaambiwa barabara imekatika na gari halipandi. Ijumaa mjomba akaja, akakataa kiti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Shamba unalolima ni la nani?"

"La ukoo wa mama."

"Na anayesema kwa niaba ya ukoo ni nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Ukiingia nyumba ile kesho, msimu ujao usishike jembe." Akageuka, akaondoka polepole kama mtu aliyetoka kutoa pole msibani.

Jumamosi ukungu ulishuka mzito hata kuku walichelewa kutoka. Paskalia alibeba msalaba wa jumuiya na mkeka wake. Milango aliyoipita ilikuwa imefungwa, na ndani watu walikohoa. Bibi Cecilia alikuwa amefagia uwanja na kuchemsha sufuria kubwa la magimbi, la kutosha nyumba kumi na nane. Walifika watu wanne: Judith, Gervas mwalimu wa kwaya, Ester na mumewe Ezekiel. Bibi aliwatazama mikono, kana kwamba anahakikisha hawakushika kitu.

"Tumsifu Yesu Kristo," Paskalia akaanza.

"Milele, amina."

Walipofika sehemu ya kuomba toba, Paskalia aliweka msalaba chini. Kisha akayasema yote mbele yao: ndizi, Frank, miguu isiyouma. "Mimi ndiye niliyekuruka, bibi. Nilidhani umeniulia mtoto. Sikuwa na ushahidi ila uchungu wangu."

Filimbi ililia bondeni, ngoma ikaifuata, na sauti za watu zilikuwa nyingi kuliko kitongoji kizima.

Hakuna aliyetoka. Gervas alianzisha wimbo, wakaupokea. Mlango ulisukumwa. Kiongozi wa lambalamba, kijana nadhifu mwenye wembe mpya, aliinama akaingia. Nyuma yake, uwanjani, Mzee Yakobo alisimama mbele ya umati, na wawili watatu walishika vidumu vya mafuta ya taa.

"Mwenye nyumba atoke," kijana akasema.

Bibi alianza kuinuka. Paskalia akamshika bega akamketisha, akavua kitambaa chake cha kichwa.

"Hii ni nyumba ya jumuiya leo. Anza na mimi."

"Mama, nikikunyoa, hata mchicha wako hautanunuliwa Morogoro nzima. Habari zitakutangulia."

"Najua."

Kijana aligeuka kumtazama aliyemwita. Mzee Yakobo alimtazama binti wa dada yake, kisha akautazama umati nyuma yake. "Mnyoe," akasema.

Wembe ulikwenda bila maji na bila haraka. Paskalia alilia, si kwa ujasiri wala nini, alilia kwa maumivu na aibu. Judith akafuata, kisha Ester, kisha mumewe. Gervas, mwenye kipara tangu ujana, alivua kofia hivyo hivyo, na uwanjani mtu akacheka, kisha akanyamaza. Bibi Cecilia alinyolewa wa mwisho. Nje, mama yake Ester alikuwa ameanza kuita jina la mwanawe, na waliobeba vidumu walitazamana. Huwezi kuchoma nyumba yenye shangazi yako ndani.

Saa sita ngoma ilishuka bondeni. "Baada ya mavuno tutarudi," kijana alisema akifunga wembe kwenye karatasi, na hakuna aliyedhani anatania.

Ndani kila mmoja aliogopa kumtazama mwenzake kichwani. Bibi Cecilia alichovya kitambaa katika maji ya moto, akasogea kwa Paskalia.

"Nilijua ulinidhania," akasema. "Uliacha kuniamkia."

"Nisamehe, bibi."

Bibi alikamua kitambaa, akakikunja, na Paskalia akaona kwamba huenda hatasamehewa, na kwamba angekuja hata hivyo.

"Sogeza kichwa, mwanangu," bibi akasema. "Unatoka damu."