Fainali za Jumamosi

Mpira niliujua kabla sijajua kusuka nywele. Kaka yangu alitaka kuwa kipa, na kipa asiye na mtu wa kumpigia mashuti ni mtu amesimama tu. Kwetu Kisegi wavuvi walikuwa na nguzo za kuanikia nyavu. Nguzo mbili zikawa goli, nami nikawa timu pinzani. Mpira wetu ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, na ukilowa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kaka alikuwa na udhaifu mmoja: kuanguka upande wa kushoto alichelewa. Basi kabla ya kupiga nilimpigia kelele, "Kushoto!", ili azoee. Mama alipotukuta alinivuta sikio akaniuliza kama nitaolewa na goli.

Kaka alipopata kazi kwenye kinu cha pamba Homa Bay, akachukuliwa na timu ya mji, na mimi sikukosa fainali hata moja. Tuliposhindwa nililia mbele za watu bila haya. Mwaka mmoja nilisusa chakula siku mbili, shangazi akasema msichana huyu ameharibika.

Kisha nikaolewa Migori. Mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga unga sokoni, na alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato. Mimi Mkatoliki nikabatizwa upya mtoni, kwa hiari yangu, kwa sababu nilimpenda mtu yule na sikuona aibu kulisema. Lakini akili yangu ilinichezea. Nilijua Sabato ni Jumamosi. Nilijua pia fainali huchezwa Jumamosi. Kwamba hizo mbili ni Jumamosi ileile, sikuliwaza mpaka nilipojikuta nimekaa kwenye benchi la kanisa, somo la alasiri linaendelea, na uwanja uko ng'ambo ya barabara unanguruma.

Mwaka ule nilihesabu magoli kwa makelele ya uwanjani. Lilipoingia la pili mguu wangu ulirukaruka wenyewe, ukapiga benchi la mbele, na mama mzee aliyekuwa amesinzia akaamka akisema "Amina". Mume wangu aliniangalia kutoka mbele. Niliinamisha macho kwenye Biblia yangu, ambayo nilikuwa nimeishika juu chini.

Mwaka wa pili fainali ilikuwa Homa Bay, na Jumapili niliuliza matokeo. Mwaka wa tatu sikuuliza. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye veranda ya duka, na wateja wakianza habari za nani kafunga nani, mimi nakanyaga pedali kwa nguvu nisiwasikie. Nilijiambia ni wanaume wazima wanakimbiza ngozi iliyojazwa hewa. Sizitaki mbichi hizi. Hata mechi za kawaida za Jumapili, ambazo hakuna aliyenikataza, niliziacha.

"Nyar Kisegi," mume wangu aliniuliza siku moja, maana kwetu mke huitwa binti wa kule alikotoka, "siku hizi hautaji mpira?"

"Nimekua," nikamjibu.

Akasema "Mm", akarudi kwenye mashine yake. Nilidhani yameishia hapo. Na ukweli ni kwamba mpira ulikuwa umeacha kuniuma. Hilo sasa, nikilikumbuka, ndilo linalonisikitisha zaidi.

Mwaka wa nne, Uhuru ukiwa bado mpya, fainali ikawa Homa Bay na Migori, uwanja wa Migori. Mume wangu akaniletea barua kutoka posta. Kaka ameandika mistari mitatu: goti limekataa, hii ndiyo mechi yake ya mwisho, nije. Nikaikunja nikaitia kwenye mtoto wa meza ya cherehani. Moyo wangu, ambao nilidhani umekua, ulikuwa unadunda kama wa msichana. Nilitaka kumwona akidaka mara moja tu. Lakini sikumwambia mume wangu. Nimwambie nini? Avunje Sabato?

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mechi ilikuwa ianze saa tisa. Tulipotoka kanisani saa kumi na nusu, nikijua mambo yameisha, lori likapita mbele yetu limejaa matope hadi juu, na juu yake wachezaji wamejaa matope zaidi ya lori. Walikuwa wamekwama Uriri toka saa sita. Ndio kwanza wanafika!

"Nyamera!" kaka akapiga kelele kutoka juu. Dada yangu! Akanipungia mkono, lori likakata kona.

Tulikwenda nyumbani. Nikakaa jikoni na chakula kilichopikwa jana yake, nikisikiliza. Kelele ya kwanza, goli. Baada ya muda, kelele ya pili. Mvua ilikuwa imekatika, mbingu safi, na mume wangu amesimama uani akiliangalia jua. Jua la kwetu halina haraka na mtu.

Sabato hufungwa jua likizama, kwa wimbo na maombi, na maombi ya mume wangu yalijulikana Migori nzima. Alianza na jamaa wa Kisegi, akaja Uriri, akapanda hadi Kehancha, akataja wagonjwa, wajane, serikali na walio majini. Watoto wetu walijifunza kulala wamepiga magoti. Jua lilipozama alituita. Tukaimba ubeti mmoja. Akafumba macho.

"Bwana, asante kwa Sabato. Wale wote tunaowataja kila siku, unawajua. Amina."

Nikafumbua macho nikidhani amepatwa na maradhi.

"Vaa viatu," akasema.

Tulikimbia. Mzee wa kanisa na mkewe, mtoto mdogo mabegani, wa pili anaburutwa mkono, na majirani waliotoka kwenye maombi yao wakituuliza nani amekufa. Tulipofika magoli yalikuwa moja kwa moja, dakika za nyongeza, kipindi cha mwisho, na mwanga umebaki kidogo. Nilipenya hadi nyuma ya goli la kaka. Alikuwa anachechemea. Refa, mwalimu kutoka Kehancha, akapuliza firimbi: adhabu karibu kabisa na goli. Mpigaji wa Migori akarudi nyuma, na mimi, sijui ni nani aliyenituma, nikapiga kelele, "Kushoto!"

Kaka akajitupa kushoto, vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Mpira ukaenda kulia. Ukagonga mlingoti, ukatoka nje.

Akageuka akiwa chini, uso wote tope, anacheka. "Nilijua ni wewe," akasema. "Hakuna mwingine anayeweza kunidanganya namna hii."

Nililia pale pale, kama zamani.

Giza likaingia, refa akamaliza mechi bila mshindi. Mwenyekiti wa mashindano akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba mechi itarudiwa Jumamosi ijayo. Watu wakaanza kutawanyika. Hapo nikaona mkono umeinuliwa, kama wa mtu anayeomba kusema kanisani. Alikuwa mume wangu.

"Bwana mwenyekiti, hawa wageni barabara imeharibika, watalala hapa tu. Si wacheze kesho? Kesho ni Jumapili."

"Mzee," mwenyekiti akasema, na watu walikuwa wameanza kucheka, "wewe tangu lini unapenda mpira?"

"Mimi mpira hata sijui," mume wangu akasema. "Ni bibi yangu anapenda. Ameuacha miaka minne juu yangu, na hajawahi lalamika. Nataka aone ndugu yake."

Hakuna aliyecheka tena. Nilijifunika uso kwa leso.

Wakakubali. Kesho yake, Wakatoliki walipotoka misa, mume wangu alivuka uwanja mbele ya watu wote amebeba kiti kutoka nyumbani. Kilikuwa kimoja. Alikiweka nyuma ya goli la kaka yangu, akakifuta kwa kofia yake, akaniambia nikae. Yeye akasimama kando yangu dakika zote tisini, na kila baada ya muda aliinama kuniuliza ni akina nani wetu. Tulifungwa mawili, na kila mara alipouliza nilimwonyesha.