Matundu Yaliyokufa Kila Alasiri

Siku ya kwanza kumwona Konstantino nilikuwa nimekwenda kumpima kitanda. Alikuwa amelala kwenye godoro chini, chumba cha mwisho nyumbani kwa Mama Gladys. Nilipoanza kumnyooshea futi kutoka kichwani hadi miguuni bila kusema neno, akafumbua macho.

"Shikamoo fundi. Unapima kitanda au jeneza?"

Mama Gladys, mwenye nyumba, alicheka mlangoni mpaka akashika fremu. "Jeneza halipiti mlango huu, omera, ndugu yangu. Acha upimwe."

Konstantino alikuwa mtu wa Sengerema. Dhahabu ilipotoka kwenye kilima nyuma ya mashamba yetu, alikuja na kompyuta aliyoifunga kwenye blanketi, nia yake kuwawekea wachimbaji nyimbo na sinema. Lakini ukikaa machimboni ukaona mwenzako ametoka na jiwe lenye rangi ya dhahabu, biashara ya nyimbo inakuwa ndogo. Akashuka duarani, shimo la kuchimbia, kama wengine. Siku moja, katikati ya shimo, tochi yake ya kichwani ikazimika, mguu ukakosa gogo la kukanyagia, akaanguka. Tangu hapo, kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu.

Nesi wa zahanati alituambia jambo moja: ageuzwe ubavu mara kwa mara, la sivyo vidonda ndivyo vitakavyomuua, wala si mgongo. Ila Mama Gladys alikuwa na mgahawa wake, na mimi nilikuwa na mbao zangu. Kutwa nzima nani wa kumgeuza?

Kompyuta ilikaa pale kona ya chumba, bila kioo, imebeba diski mbili za sinema na kwaya. Aliiendesha kwa simu akiwa amelala. Kila mwenye simu pale uani aliangalia sinema bure kwa waifai yake. Wachimbaji wakitoka duarani waliingia chumbani, wakachomeka tochi zao kwenye matundu ya USB yaliyobaki wazi, wakamshika begani na kiunoni, wakamgeuza, wakatoka. Yeye aliamini kwamba sinema ndizo zinazowaleta.

Kisha matundu yakaanza kufa. Asubuhi yanafanya kazi, alasiri diski zote mbili zinapotea, na kelele zinatoka vyumbani.

"We Msukuma! Umekata sinema jamaa anataka kuuawa!"

"Ni mashine, si mimi!"

"Mura, mashine ni wewe. Mwone, amelala tu anakula umeme!" Huyo alikuwa Waisiko, kijana wa Kikurya wa Ringwani, mdomo wake haukupumzika.

Wengine walicheka. Konstantino hakucheka. Alituma mtu aniite.

"Fundi, sinema zikifa hakuna atakayeingia humu," alisema. "Nitaoza upande mmoja. Mimi nasoma kwenye simu, wewe uwe mikono yangu."

Sikujua kompyuta. Nilifanya alivyosema. Nikahamisha diski tundu la mbele kwenda la nyuma. Nikabadilisha nyaya. Nikazima, nikang'oa waya wa umeme ukutani, nikabonyeza kitufe na kukishikilia ili umeme uliobaki ndani uishe, nikawasha tena. Matundu yakafufuka. Alasiri yakafa.

"Imeandika kwamba tundu limezidiwa," alisema akiwa ameinua simu juu ya uso. "Kuna kitu kinanyonya."

"Diski?"

"Diski zimekaa hapo siku zote."

Tulikuwa bado tunaangaliana Waisiko alipoingia, matope hadi magotini. Akachomeka tochi yake inayodondosha maji, akamgeuza Konstantino kama mtu anayegeuza chapati, akauliza kama Mama Gladys amepika dagaa, akatoka. Konstantino akatazama simu.

"Zimeondoka. Fundi, ng'oa hiyo tochi."

Niliing'oa, nikazima, nikawasha. Diski zikarudi.

"Tuwakataze," nikasema.

"Hapana. Kwenye machimbo anayeshuka duarani hanyimwi mwanga. Hiyo sheria wameikuta wote. Leo mimi, niliyeanguka kwa giza, ndiye nimnyime mtu tochi?"

Basi nikafikiri kama fundi mbao. Nilitafuta waya mrefu wenye matundu ya kuchomekea na vichwa vya chaja. Mama Gladys akakataa usikae chumbani: watu waliolowa na umeme wa ukutani, kando ya mtu asiyeweza kukimbia, hapana. Nikaupitisha dirishani hadi barazani, nikapigilia ubao wa kuwekea tochi. Matundu ya kompyuta hayakufa tena. Sinema zilikwenda kutwa, na Konstantino alinishika mkono akanishukuru mpaka nikaangalia chini. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Haikupita wiki, nikaenda asubuhi kumsalimia, nikamgeuza akatazama ukuta. Niliporudi jioni alikuwa bado anatazama ukuta ule ule. Nje barazani wachimbaji walikuwa wanavunjika mbavu kwa sinema yake.

"Nigeuze, fundi."

Nilipomgeuza niliona nyama nyekundu kwenye nyonga, imefunguka.

"Leo nani amekuja?"

"Wamekuja wote. Si nawasikia nje?" Akafumba macho. "Tochi ziko nje, sinema iko mkononi. Waingie kufanya nini? Nimeita, wakadhani ni sauti ya kwenye sinema."

Nikasimama pale na mikono yangu.

"Huo waya wa nje ung'oe."

"Matundu yatakufa."

"Yafe."

Niliung'oa huku Waisiko ananitukania ukoo. Kesho yake tochi zikarudi ndani, alasiri sinema zikakatika, na Waisiko akaingia akilalamika. "Mashine mbovu, mwenyewe mbovu, fundi mbovu," alisema, na huku akilalamika akamgeuza. Nyuma yake wakaingia wengine.

Lakini kidonda hakikungoja. Kilianza kunuka, Mama Gladys akaogopa, akampigia simu kaka yake Konstantino kule Sengerema. Kaka alikuja na gari siku niliyokuwa nimekwenda Tarime kuchukua mbao. Niliporudi, chumba kilikuwa kimefagiliwa na kitanda nilichokitengeneza kimesimamishwa ukutani. Mama Gladys alisema wakati anabebwa alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, ikabidi vidole viachanishwe kimoja kimoja.

Mimi nilikuwa nimeagana naye alfajiri hiyo, bila kujua kwamba gari lilikuwa njiani. Nilimwambia kwamba Tarime nitamtafuta mtu wa kompyuta, nimuulize dawa ya yale matundu.

"Usimuulize mtu, fundi," aliniambia. "Atasema tuzitoe tochi. Mashine ikipona hivyo, watakaa nje."