Kabla Hujawaonyesha Mahame Yetu

Siku moja ambayo mpaka leo ninaikumbuka vizuri, mwanangu Kabula, ni ile bibi yangu Nkwimba aliponichapa mkono mbele ya mgeni. Nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi, hapa hapa kwenye vilima vya Buswelu, kabla hazijafika hizi nyumba za mabati ya rangi.

Mgeni aliitwa Lukasi. Alikuja na futikamba na maneno matamu, akasema anapima mahame, pale walipoishi watu wa zamani kabla ya kuhama. Akaniuliza ni wapi. Mimi, kwa furaha ya kuulizwa na mtu mzima, nikanyoosha kidole kwenye ile minyaa iliyokuwa ua wa mji wa zamani. Ndipo nikachapwa.

"Shusha mkono! Unamwonyesha nani nyumba za watu?"

Kisha bibi akamgeukia mgeni, mpole kabisa. "Karibu baba. Nitakutembeza mwenyewe. Ila kwetu tunaanza na wenyewe. Hapa alikaa Limbu na mkewe Minza. Pale kwenye mawe ya kusagia alikaa Shija, mhunzi, hayo mavi ya chuma unayokanyaga ni yake. Kule..."

"Mama, majina siyahitaji," Lukasi akamkata. "Nionyeshe tu makaburi ya wakubwa yako upande gani."

Bibi akacheka. "Sasa wewe unapima nyumba au unawinda maiti?" Akamrudisha njia aliyojia.

Jirani yetu Masanja, mtu wa kupenda sifa, akamwonyesha upande wake. Mvua hazijaanza, tukakuta mashimo. Kumbe Lukasi na wenzake walikuwa wanatafuta mali ya Wajerumani, ile inayosemwa ilifukiwa makaburini! Mali gani, mwanangu? Walipata vyungu, wakavivunja. Mifupa ya baba yake Masanja tuliikuta juu ya udongo, jua linaiwakia. Masanja akaizika upya, analia kama mtoto. Lukasi hatukumwona tena.

Sasa na wewe umeanza kazi na hawa watafiti wa droni, ukaniomba niwatembeze kwenye mahame yetu, ambako siku hizi Bibi Nkwimba mwenyewe amelala. Nilipoiona ile ndege yao inazunguka juu ya mihogo yangu nikasema moyoni, Lukasi amerudi, safari hii ana mabawa.

Mkubwa wenu, yule binti Neema, aliniamkia shikamoo na goti akapiga. Sawa, lakini hata Lukasi alikuja na maneno matamu. Nikaanza majina. Limbu, Minza, Shija, nikaenda mpaka kwa watoto waliokufa wakinyonya. Nilikuwa namngoja anikate. Hakunikata. Akauliza Minza alitoka ukoo gani.

Nikamwuliza, "Hiyo ramani ikishaingia kwenye kompyuta, nani mwingine anaiona?"

"Wenzangu wa kazini, bibi. Zaidi ya hapo siwezi kukuapia."

"Umesema kweli, mjukuu wangu. Lakini wasiwasi hujanitoa."

Nikawapeleka kwenye mawe ya kusagia, kwa Shija mhunzi, wakapiga picha zao. Tulipofika kwenye minyaa alipolala Bibi, nikapita moja kwa moja nikisimulia habari za mihogo. Ulinitazama, Kabula. Ulijua. Ukanyamaza. Asante.

Basi nakuusia hivi. Kazi yao ifanye, tena kwa bidii, maana mimi nikiondoka nataka Limbu na Minza wabaki wakitajwa. Lakini mtu akikuuliza mahali, mtajie kwanza watu. Akiona unamchelewesha, mrudishe njia aliyojia, hata kama ana cheti, hata kama ni mchumba wako. Na anayekusikiliza mpaka mwisho, mwonyeshe, ila usimwonyeshe vyote. Kaburi la Nkwimba halimo kwenye ramani yao. Limo kwako.

Mungu akulindie miguu na ulimi, mwanangu. Hao niliowataja wakutambue unapopita kwao. Na uje upate watoto wa kuwatembeza pale, taratibu, jina kwa jina.