Miwani ya Wageni

Kabla hamjaingia maabara wiki ijayo, nisikilizeni. Mnaniita Mama Anjeli, na kila mwaka mmoja wenu hunong'ona kuuliza kwa nini jicho langu la kushoto ni jeupe. Leo nasema mwenyewe.

Wakati wa vita nilikuwa mwanafunzi hapa Kindu, binti wa mfanyakazi wa reli, mzima wa afya na mjeuri kidogo. Treni hazikufika, na vifaa vya maabara havikuja. Kemia ya kaboni tuliisoma ubaoni tu. Hata grafu za infraredi, zile zinazoonyesha kemikali imeundwa na nini, mwalimu alizichora kwa chaki, nasi tukakariri: bonde pana, kuna pombe, bonde refu jembamba, kaboni imeshikana na oksijeni mara mbili. Nilizipenda sana grafu zile.

Hatimaye tukapewa jaribio: kuchemsha pombe, siki kali na asidi ya sulfuriki, tupate kimiminika chenye harufu ya matunda. Tulikuwa kumi na wawili. Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja. Tuliivaa kwa zamu, anayeshika chupa ndiye anayevaa, na tukaona hiyo ni haki. Kana kwamba asidi huuliza zamu ni ya nani!

Zamu ikawa ya Shabani, mwenzangu wa meza, nikavua miwani nikampa. Alikuwa amesahau vipande vya chungu, vile vinavyowekwa kabla ya moto ili mchemko utulie. Akavitupia wakati chupa imeshachemka. Ikaruka yote, ikanipata usoni.

Nilipiga kelele kama kichaa. Kanuni tuliijua sote kwa moyo: maji mengi, robo saa nzima. Lakini ndoo ilikuwa tupu, na mtu akapaza sauti, "Leteni mafuta ya mawese!" Wakanipaka. Kope zikavimba, ngozi ya shavu ikachubuka kama ndizi iliyochemshwa.

Hospitalini daktari aliuliza kama niliosha uso kwa maji, "Mulimusukula na mayi?"

"Hapana, dokta," baba akajibu. "Walimupakala mafuta."

Daktari akafunga macho kidogo. "Mayi njo ilikuwa dawa. Sasa tupiganie hili la kuume."

Majuma sita nililala na bandeji, usaha ukitoka, mama akinilisha bugali kwa mkono wake. Jicho la kulia likafunguka. La kushoto likakataa. Msimamizi wa maabara alikuja kumwambia baba, "Mutoto wako alikaribia sana chupa." Nilikuwa namsikia!

Nilirudi shuleni bado na kitambaa usoni. Nikakuta wakubwa wametembelea maabara. Walikuja kuangalia tu, mikono nyuma. Na kila mmoja alivaa miwani mpya, safi. Nikahesabu tisa.

Nikamuuliza msimamizi, "Hizi zilikuwa wapi?"

"Mu kabati. Njo za wageni."

Tunawawekea wageni sahani nzuri kabatini, sawa. Lakini macho ya watoto?

Basi, wanangu. Vipande vya chungu kwanza, moto baadaye. Ndoo mbili zimejaa kabla ya chupa yoyote kufunguliwa. Miwani haina zamu. Ikipungua moja, jaribio halifanyiki, nitagombana na yeyote. Grafu mtazisoma baadaye, karatasi hairuki usoni.

Kanisani huniambia niseme Mungu aliruhusu. Sisemi. Namshukuru kwa jicho la kulia, namshukuru kwa daktari na kwa mkono wa mama. La kushoto msimsingizie Mungu. Kabati lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu.