Maji ya Mizizi na Uso wa Yaya

Kazi yangu ni kuloweka mizizi. Inatoka Nyakiriba, tunaianika kivulini, tunaitwanga, kisha tunailoweka kwenye spiriti katika maabara ya chuo, hapa Gisenyi. Maji yake yakitiwa kwenye dawa ya zambarau, dawa inafifia na kuwa manjano: dalili kwamba mzizi unapambana na kile kinachouchakaza mwili. Yakitiwa kwenye kimeng'enya cha uyoga, kile kinachotengeneza weusi kama wa ngozi, weusi hautokei. Wakubwa wangu hushangilia. Mimi shangwe hizo zimenichosha.

Yaya, dada yangu mkubwa, anauza nyanya mpakani, Petite Barrière. Miaka mingi alijipaka mkorogo wa kujichubua, wa kutoka Goma, hata baada ya kupigwa marufuku kwetu. Ukamuunguza. Mashavu yakashika mabaka meusi ambayo hayafutiki. Sasa binti yake alikuwa anaolewa, na Yaya alitaka kitu kimoja tu: kukaa mbele ya wakwe akiwa na uso wa rangi moja.

"Mudogo wangu, unipatie ile maji ya mizizi."

"Yaya, ile inazuiaka weusi mupya, tena ku chupa. Ule wenye ulishaingia ndani ya ngozi, haiwezi kuutoa."

"Bon, nipatie tu. Ama uko na wivu?"

Hasira zilinipanda. Wivu wa nini, wa mabaka? Nikamnyima.

Akaenda sokoni akanunua unga wa mizizi, ya mti gani hakuna aliyejua. Akauchanganya na mkorogo uliobaki, eti mizizi peke yake inachelewa. Akajipaka, akashinda juani na nyanya zake. Kufika wiki ya sherehe, uso ulikuwa unachubuka kama kiazi cha kuchemsha.

Siku ya mahari alijifungia jikoni. Binti yake alimbembeleza mlangoni, nami nikambembeleza, wapi! Wakwe walikuwa wametoka Bukavu, hawajawahi kutuona, na kiti cha mama kiko wazi. Wazee wakanitazama mimi, mama mdogo. Nikakikalia, nikijisikia mwizi.

Mama wa bwana harusi akaja, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Aksanti mama, kwa kutuzalia mutoto muzuri. Munafanana kabisa, hata rangi."

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Yaya alisikia kila neno.