Kuruka Mbele, Siyo Juu

Mimi sijawahi kutulia. Hata sasa ninapoandika haya, mguu wangu unatikisika chini ya meza, na mume wangu ameshahamia chumba kingine kwa sababu hiyo. Utotoni ilikuwa balaa zaidi. Tulikaa ghorofani huko ughaibuni, Scarborough, mimi na mama tu, na jirani wa chini alikuwa na ufagio wa kugongea dari kila niliporuka kutoka kwenye sofa. Mama alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee, na akirudi kazini alipokelewa na malalamiko kabla hajavua viatu. Ndipo akanipeleka kwenye ukumbi wa mazoezi, mabasi mawili kutoka kwetu, akamwambia kocha wa trampolini kwa Kiingereza chake cha kukata maneno: "Mchukue. Mchoshe. Nirudishie akiwa amechoka."

Sikuchoka. Nilikuta kitu ambacho hakinifokei nikikirukia.

Katikati ya kitambaa cha trampolini, kile kinachonesa na kukurusha hewani, huchorwa msalaba mwekundu, na kazi yote ndiyo hiyo: panda, zunguka, shuka juu ya msalaba. Ukitua pembeni, umeharibu. Nilifundishwa hivyo miaka mingi hadi mwili ukawa haujui kingine. Mama alikaa kwenye benchi muda wote huo, sare ya kazi chini ya koti, akitafuna karanga na kuongea na dada yake wa Moshi kwenye simu. Mimi napiga samasoti mbili hewani, yeye anamwambia mama mkubwa, "Huyu hapa yuko juu. Haya, ameshuka. Enhe, ulikuwa unasema nini kuhusu paa?" Iliniudhi. Nilitaka ashtuke japo kidogo.

Kisha, vuli moja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, wakaja watu wa skii. Wale wa kupinduka hewani na mbao miguuni. Theluji ilikuwa haijaanguka, kwa hiyo waliazima trampolini zetu ili wajifunze kuzunguka bila kuvunja shingo. Walivaa mbao fupi zilizofungwa sponji kwa chini, na hewani walikuwa vichekesho vitupu, magoti huku, mikono kule. Nilicheka kwa sauti. Kocha wao, mwanamke mwenye uso ulioungua kwa jua isipokuwa pale miwani inapokaa, akanigeukia na kuniambia niwaonyeshe basi, kama najua. Nikawaonyesha. Akanifunga mbao zile, nikawaonyesha tena. Aliponiuliza kama ningependa kwenda kujaribu kwenye theluji yenyewe, nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali.

Watu walichekelea, Mwafrika na skii wapi na wapi. Hapo nilikuwa nachemka. Mama yangu amekua akiiona theluji ya mlima kule Moshi kila asubuhi alipokuwa akifagia uwanja wa kwao. Ni vile tu hakuna mtu kule aliyewahi kufikiri kuipanda ili aje kuteleza. Nilimwambia hivyo mwenzangu mmoja ndani ya basi la timu.

Majira ya baridi ya kwanza nilijifunza kuteleza tu, kwenye vilima vya kaskazini ya jiji, nikipitwa na watoto wa chekechea. Niliona kama nitapasuka. Majira yaliyofuata, nikaruhusiwa kupanda tuta. Ni tuta la theluji iliyoshindiliwa, limeinuka kama kidevu, na mbele yake mteremko mkali wa kutua, umemwagiwa vijitawi vya msonobari ili jicho lione ardhi iko wapi. Unashuka kwa kasi, tuta linakurusha, unatua kule chini kwenye mteremko. Rahisi kusema. Mimi nilipanda juu moja kwa moja, nikazunguka vizuri mno, nikarudi kwenye paji la tuta lile lile, mahali pagumu kama sakafu ya saruji. Nikaangukia nyonga. Nikapanda tena, nikaangukia nyonga ile ile.

"Unaruka juu," kocha alisema. "Ruka mbele."

"Naruka mbele."

"Huruki mbele. Unatafuta msalaba wako."

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

Nyumbani mama aliniona bafuni, nyonga imevimba na kugeuka rangi ya bilinganya. Hakupiga kelele. Mama akikasirika kweli huwa anakunja nguo, na siku ile alikunja taulo zote zilizokuwemo ndani.

"Nitakuja kuona kwa macho yangu," alisema. "Upige hiyo samasoti kwenye hilo barafu, nikuone. Moyo wangu ukikataa, unaacha. Hapo hapo."

"Mama, it's not even that dangerous."

"Usinijibu Kizungu. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Mama hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili wala wa kulirudisha. Sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyoutaka mchezo ule, na sasa wote ulining'inia kwenye mruko mmoja na moyo wa mama.

Tukarudi kwenye trampolini, kocha na mimi. Alinivalisha mkanda wa kamba kiunoni, akaninyima msalaba. Nilitakiwa kurukia kwenye kitambaa, nizunguke mara moja, nitue nje kabisa, mbele, kwenye magodoro yaliyopangwa chini. Mwili uligoma. Kila mara nilijikuta nimerudi katikati, nimesimama pale, nimenyooka, kama mjinga. Nilibishana naye, nikapiga teke godoro, nikatoka nje kunywa maji nisiyoyataka. Siku za shule nilikuwa nikichora tuta pembeni mwa daftari la hesabu. Jioni moja hatimaye kiuno kilikubali kuondoka, nikaona kitambaa kinapita chini yangu na kubaki nyuma, na nikaogopa kama ambavyo sikuwahi kuogopa mle ukumbini. Kocha akasema turudie. Tulirudia hadi walipotuzimia taa.

Siku ya mama kuja, alipanda basi la timu na chupa ya chai ya tangawizi na chapati za watu wote, zimefungwa kwenye karatasi ya fedha. Juu ya kofia ya sufu alijifunga kanga. Aliwalisha wote, hata dereva. Mimi sikuweza kumeza. Tulipofika akaenda kusimama kwenye uzio karibu na maegesho ya magari, mikono ndani ya mifuko, akaniambia tu, "Haya, nenda."

Kule juu nilikaza vifungo vya viatu, nikavikaza tena. Niliomba kwa Kiswahili, jambo nililokuwa nimeacha kulifanya. Kocha akainua mkono. Nikashuka, upepo ukajaa masikioni, tuta likaja, na safari hii nikaondoka. Anga, misonobari kichwa chini, kisha vijitawi vile juu ya theluji, vinakuja. Nikatua nimekaa nyuma kidogo, mkono ukagusa, lakini nikasimama. Nilipiga ukelele hadi sauti ikakauka.

Nikazivua mbao na kukimbia na vile viatu vizito kuelekea uzioni. Mama alikuwa pale pale nilipomwacha, ila alikuwa ameupa mlima mgongo. Anatazama magari.

"Mama! Umeona?"

"Umesimama?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimesimama. Niko hapa."

Ndipo akageuka. Akavua glavu akanipapasa shingo, mabega, akainama akanishika magoti moja moja, mbele ya timu nzima.

"Hukuona," nikasema.

"Sikuona."

Nilitaka kulia kwa hasira. "Ulisema utaona! Ulikuja ili uone!"

"Nimejaribu. Ulipoanza kushuka miguu ikanigeuza yenyewe. Kule ukumbini ukiruka najua utarudi pale pale, naweza hata kula karanga. Hapa unaondoka, mwanangu."

Nikasubiri hukumu yangu. Haikuja, nikaiuliza mwenyewe: "Kwa hiyo naacha?"

"Nani kasema uache?" Akavaa tena glavu. "Moyo umekataa kutazama. Haujakataa wewe uruke. Kapande tena, mimi niko hapa na haya magari."

Nilishindana miaka kadhaa baada ya hapo. Alikuja kila alipopata siku ya mapumziko, akasimama vivyo hivyo, na kila niliposhuka alikuwa wa kwanza kunipapasa magoti. Hadi naacha mchezo ule, mtu niliyetaka anione kuliko wote hakuwa ameniona nikiruka kwenye theluji hata mara moja.